Anza na mlinzi: kuzungumza na nafsi na mwili wakati maradhi hayaondoki

Asubuhi ya mtu mwenye baridi yabisi inajulikana. Vidole vimekaza, kitasa hakizunguki, kifungo cha gauni kinahitaji mkono wa mtoto. Kabla hajateremka kitandani, ndani kumeshakuwa na mabishano. Sauti moja inamwambia ajikaze, nyumba haiwezi kusubiri. Nyingine inataka ajifunike shuka hadi jua lizame. Ya tatu inamlaumu kwa zote mbili. Daktari atampima damu na kumwandikia dawa, na hilo ni la lazima, lakini mabishano yale hayaandikwi kwenye faili.

Mwongozo huu unahusu mabishano hayo na mwili unaoyabeba. Ni kwa mtu anayeishi na maradhi sugu, iwe baridi yabisi, selimundu, lupasi (lupus) au mgongo usiopona, ambaye pia aliwahi kupitia jambo lililomtikisa: kipigo, ajali, vita, utoto wa hofu. Mfano wangu utakuwa baridi yabisi, ile ya kinga ya mwili kushambulia viungo, kwa sababu kuna utafiti mzuri uliofanywa kwa wagonjwa wake. Na msimamo wangu niuseme mapema: wengi wanaojaribu njia hii ya kuzungumza na sauti za ndani wakaumia huwa wamekimbilia kidonda. Mwanzo wake ni kwa yule anayekilinda.

Njia yenyewe kwa ufupi

Miaka ya 1980, Richard Schwartz, mtaalamu wa tiba ya familia aliyekuwa akifanya kazi Chicago, Marekani, alikuwa akiwahudumia watu wenye tatizo la kula kupita kiasi na kisha kujitapisha. Wakamweleza kwamba ndani yao kuna "sehemu" zinazozozana: moja inakemea, nyingine inakimbilia chakula, nyingine inalia. Naye alizoea kukaa na familia zinazogombana, akaanza kuzisikiliza sehemu hizo kama alivyowasikiliza baba, mama na watoto. Baadaye akazigawa katika makundi matatu. Kuna wasimamizi, wanaopanga maisha ili usiumie tena: wachapakazi, wakosoaji, wanaotaka kumridhisha kila mtu. Kuna zimamoto, wanaoingia uchungu ukishawaka, na hawajali wanavunja nini: pombe, hasira, simu hadi usiku wa manane, kulala mchana kutwa. Na kuna waliofichwa, ambao mara nyingi ni wadogo kiumri, waliobaki na hofu au aibu ya siku ile. Wasimamizi na zimamoto wote ni walinzi. Nje ya makundi hayo yupo wewe mwenyewe, yule anayeweza kutazama yote hayo kwa utulivu na udadisi bila kuzolewa nayo.

Mkondo wa pili unapitia mwili. Eugene Gendlin wa Chuo Kikuu cha Chicago aliona kwamba waliofaidika na ushauri nasaha ni wale waliosita kidogo katikati ya mazungumzo wakasikiliza kitu kifuani au tumboni ambacho bado hakikuwa na jina. Peter Levine naye alijenga tiba yake juu ya mwili uliotaka kukimbia au kupigana ukazuiwa, na akasisitiza kuurudia kwa vipimo vidogo mno. Waswahili hatukuhitaji kufundishwa kwamba hisia hukaa mwilini. Tumbo joto, moyo kuruka, mwili kufa ganzi, roho kupaa: hayo yote tunayasema tangu zamani. Tulichokosa ni utaratibu wa kukaa nayo.

Je, inasaidia? Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa Boston kwa wagonjwa 79 wa baridi yabisi. Karibu nusu yao walipata tiba hii ya sehemu, ya Schwartz, kwa miezi 9, wengine wakapewa elimu kuhusu ugonjwa. Waliopata tiba walieleza kupungukiwa maumivu na kuweza kazi za mwili vizuri zaidi. Mwaka mmoja baadaye bado maumivu ya viungo yalikuwa yamepungua, huzuni imepungua, na walikuwa wakijihurumia zaidi. Lakini ugonjwa wenyewe, kwa vipimo vya madaktari, haukuonyesha nafuu ya kudumu. Wasiwasi nao vilevile. Isome ile sentensi ya ugonjwa wenyewe mara mbili kabla ya kumsikiliza yeyote anayekuambia kwamba ukiponya utoto utapona viungo. Denmark nako, tiba ya Levine ilijaribiwa kwa watu wenye maumivu ya mgongo na kiwewe (jeraha la nafsi linaloachwa na jambo lililomtikisa mtu) kwa pamoja. Dalili za kiwewe na hofu ya kujongea zilipungua, lakini maumivu yalipungua kwa makundi yote mawili, waliopata tiba hiyo na waliofanya mazoezi ya viungo tu. Tafiti ni chache na ndogo. Kwa kiwewe pekee, miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya 2013 inataja tiba nyingine zenye ushahidi mkubwa zaidi. Hii ni nyongeza, na kama nyongeza ina thamani yake.

Kabla ya yote

Dawa zinaendelea. Anayetumia prednisolone, dawa ya kupunguza uvimbe, kwa muda mrefu akiiacha ghafla anaweza kufa, kwa kuwa tezi za mwili zimeshasahau kutengeneza homoni ambayo dawa ilikuwa ikiifidia. Methotrexate ya baridi yabisi humezwa mara moja kwa wiki. Usiiongeze wala kuiruka kwa sababu "leo nafsi imetulia". Na dalili mpya ni za hospitali: kiungo kimoja kilichovimba ghafla na kuwa cha moto, homa, kukonda bila sababu, maumivu ya kifua, mguu uliolegea. Mwili unaoongea lugha ya hisia ni mwili uleule unaoweza kupata maambukizi.

Zoezi hili usilifanye peke yako ikiwa una mawazo ya kujiua, ikiwa unapotelewa na muda usijue saa zilizopita ulikuwa wapi, au ikiwa bado unaishi na anayekupiga. Huyo wa mwisho namsisitiza. Hofu yake ina kazi leo, na kuituliza kunaweza kumdhuru. Anachohitaji kwanza ni mahali pa kwenda.

Msomaji wa pwani huenda akauliza kama hizi sehemu ndizo majini. Sizo. Mtu anaposema "moyo mmoja unataka, mwingine unakataa" hajapandwa na kitu; anaeleza hali ya kila binadamu. Lakini ukisikia sauti masikioni, kama ya mtu aliyesimama pembeni akikuamuru, nenda kwa daktari wa afya ya akili. Hilo halimo katika mwongozo huu.

Hatua ya kwanza: tafuta mahali pasipouma

Watu wanaoishi na maumivu wameambiwa mara nyingi mno "sikiliza mwili wako". Wakiusikiliza, wanakuta moto. Kwa hiyo tunaanza upande wa pili.

Kaa ulivyozoea, mgongo ukiegemea ukuta, au lala kama kukaa ni taabu. Macho yawe wazi. Geuza shingo polepole, tazama chumba kizima kana kwamba umeingia mara ya kwanza: mlango uko wapi, dirisha liko wapi, kuna nani. Shingo ikiuma, geuza macho tu. Kisha pita mwilini utafute mahali palipo shwari. Inaweza kuwa ncha ya pua, ndewe la sikio, ubavu mmoja, nywele. Padogo kiasi hicho panatosha. Kaa hapo. Pana joto au baridi? Pazito au pepesi? Hapa ndipo utakaporudi kila mambo yakizidi, kwa hiyo pazoee kwa siku kadhaa kabla ya kwenda mbele. Wengi hupaona pa kitoto wakaparuka, nao ndio hukwama baadaye.

Kuhusu pumzi: ukiweza, toa pumzi ndefu kuliko unavyoivuta, au iachie ikitoka na mvumo mzito wa "vuu" unaotetemesha kifua. Lakini kuna watu ambao kufuatilia pumzi huwaletea hofu, hasa wenye pumu au waliowahi kukabwa. Kama ni wewe, achana nayo kabisa. Kanyaga sakafu kwa nyayo, inatosha.

Hatua ya pili: chagua jambo dogo

Usianze na siku mbaya kuliko zote maishani mwako. Chagua tukio la wiki hii, lenye uzito wa 3 kati ya 10. Uliomba msaada wa kubeba ndoo ukajisikia vibaya. Shemeji alisema "mbona leo unatembea vizuri?" Ulifua shuka nzito huku ukijua kesho utalipa.

Hatua ya tatu: itafute mwilini

Likumbuke tukio, kisha uliza: linanigusa wapi? Usubiri. Jibu la mwili huja taratibu, na mara nyingi halifiki kwa maneno: koo limebanwa, mabega yamepanda, kuna jiwe chini ya kifua. Ukipata, liache lijieleze. Lina ukubwa gani, lina rangi, linasogea? Wengine huona sura ya mtu, wengine husikia maneno, wengine ni ubanaji tu na hakuna zaidi. Vyote ni sawa.

Hapa kuna mtego kwa mgonjwa wa viungo: utajuaje kama kinachobana ni hisia au ni ugonjwa? Mara nyingi hutajua, na si lazima ujue. Goti lililovimba limevimba. Unachoweza kufanya ni kuona kilicholizunguka: taya ulilouma, pumzi uliyoizuia, hasira dhidi ya goti lenyewe. Hicho cha pembeni ndicho tunachozungumza nacho.

Hatua ya nne: unaichukuliaje?

Hili ni swali fupi, na ndilo linaloamua kama uendelee. Unapoiangalia sehemu hiyo, unajisikiaje juu yake? Ukijibu "naichukia", "inanichosha", "iondoke", basi anayeongea ni sehemu nyingine. Usigombane nayo. Mwombe huyo mwenye chuki akae pembeni kidogo, asikilize tu. Akikubali, utahisi kifua kinapata nafasi. Akikataa, yeye ndiye wa kuzungumza naye leo. Geukia kwake na uache ile ya kwanza.

Dalili kwamba ni wewe mwenyewe unayetazama: unataka kujua zaidi, na huna haraka ya kumbadilisha mtu.

Hatua ya tano: mazungumzo na mlinzi

Hapa ndipo kwenye kazi, na hapa nitakaa.

Katika nyumba zetu mlinzi mkuu anaitwa Jikaze. Anakaa kwa wanaume na wanawake, ingawa huwatumikisha tofauti. Tumemrithi msibani, leba, jeshini, shuleni. Ukiwa na maradhi sugu yeye ndiye anayekufanya ufue wakati mikono imevimba, anayekukataza kumwambia daktari kwamba dawa inakutapisha, anayekujibia "mzima tu" ukiulizwa hali. Washauri wengi humwona adui: jifunze kusema hapana, acha kujisukuma. Shauri zuri, na halifuatwi, kwa sababu hakuna aliyemuuliza Jikaze anaogopa nini.

Tuseme kuna mama wa miaka 46, baridi yabisi ameishi nayo muda mrefu. Anamkuta Jikaze kwenye mabega, kama mikono miwili inayomsukuma kutoka nyuma. Mazungumzo yao, kwa sauti ya chini au kwa kalamu, yanaweza kwenda hivi:

"Shikamoo." (Alianza na salamu kwa sababu alimwona mkubwa kuliko yeye. Vizuri. Mheshimu kama unavyomwona.)

"Marahaba. Una kazi, amka."

"Naamka. Nataka kujua kwanza, ulianza lini kunisukuma hivi?"

Kimya. Kisha picha: jiko la kuni, mama mgonjwa chumbani, wadogo watatu.

"Ungeacha kunisukuma, unaogopa kingetokea nini?"

"Wangelala njaa. Na wewe ungelia, usingenyamaza."

"Unadhani mimi nina miaka mingapi?"

"Tisa."

Swali hilo la umri usiliache kamwe. Mlinzi mara nyingi hajui kwamba muda umepita. Mwonyeshe mikono yako ya leo, watoto waliokua, mlango unaoufunga mwenyewe. Usimwambie aache kazi. Mwambie umeona alivyobeba, mshukuru, kisha uulize kama angependa kazi yake iwe nyepesi kidogo. Huyu wa mfano wetu alikubali jambo moja: atamsukuma mama kwenda kliniki badala ya kumsukuma kwenye beseni.

Maswali yako yawe machache na ya wazi. Kazi yako ni ipi? Ulijifunza wapi? Unaogopa nini ukiacha? Unanilinda dhidi ya nani? Usiulize "kwa nini", kwani kwa masikio ya mlinzi hilo ni swali la polisi. Ukiambulia ukimya, kaa nao, au muulize kama bado hana imani nawe. Mara nyingi hilo hujibiwa upesi. Na mwili utakuonyesha kama umesikika: mate yanarudi kinywani, tumbo linanguruma, unapiga miayo, unashusha pumzi bila kukusudia.

Zimamoto nao waheshimu hivyohivyo. Anayekulaza mchana kutwa, anayekufanya uwapigie watoto kelele, hata yule anayetamani kila kitu kiishe. Kwa huyo wa mwisho, asikilizwe mbele ya mtu mwingine, siku hiyohiyo.

Uliza pia, kwa upole, kama kuna sehemu inayopata kitu kutokana na ugonjwa: ruhusa ya kupumzika, labda, au njia pekee ya kukataa mgeni. Jibu likiwa hapana, lipokee. Likiwa ndiyo, haina maana ulijitakia ugonjwa. Baridi yabisi ni kinga ya mwili inayoshambulia viungo vyake yenyewe. Huwapata wanawake zaidi ya mara mbili kuliko wanaume, na hakuna sehemu ya nafsi iliyoketi ikauamua. Mtu aliyepewa mapumziko na homa tu ni mtu ambaye nyumba yake haimpi mapumziko, na hilo ni la kuzungumza na walio nyumbani.

Hatua ya sita: kwenda na kurudi

Sasa mwili tena. Peleka umakini pembeni mwa mahali panapouma, usiingie katikati, kwa pumzi mbili. Rudi kwenye ndewe lako la sikio au popote ulipopachagua. Kaa huko muda mrefu kuliko ulivyokaa kwenye maumivu. Nenda tena, rudi tena. Kama unavyotia chumvi mchuzini: unaongeza kidogo, unaonja, kwa sababu ukizidisha huwezi kuitoa.

Mwili ukitaka kujinyoosha, kusukuma ukuta, kujikumbatia, uachie ufanye taratibu. Ukitetemeka kidogo kisha ukatulia, hakuna neno. Lakini simama mara moja iwapo unakufa ganzi, unaona kama uko mbali au darini, macho yanaona kama kwenye tundu, au picha za zamani zinaingia zenyewe. Fungua macho, taja vitu vitano unavyoviona, shika kitu cha baridi, ita mtu.

Hatua ya saba: mlango usiofungua peke yako

Nyuma ya Jikaze yupo yule mtoto wa miaka tisa. Utamhisi: uchungu wa ghafla, hamu ya kulia, udogo. Unaweza kumwambia kwamba umemwona na kwamba utarudi. Usimwambie asimulie. Kumsikiliza kikamilifu ni kazi ya kufanywa na mtaalamu aliyezoea, na ni baada ya walinzi kuruhusu. Ukiwaruka, watakuja usiku kwa hasira: maumivu yatalipuka, au zimamoto watavamia, nawe utasema njia hii ni mbaya.

Kufunga na kuandika

Dakika 15 zinatosha. Kwa mwenye uchovu mkali, tano. Washukuru waliojitokeza, tazama chumba tena, kunywa maji. Kwenye daftari andika mistari michache: nani alitokea, mwilini alikaa wapi, alitaka nini, maumivu kabla na baada. Baada ya wiki kadhaa utaona mpangilio, kwa mfano kwamba mabega hupanda kila baada ya simu ya mtu fulani. Daktari wako mwonyeshe ile safu ya maumivu. Mengine ni yako. Ikiwa nyumba haina usiri, usiandike. Rekodi ya sauti kwenye simu yenye namba ya siri inafaa zaidi.

Siku ambayo ugonjwa umelipuka, acha hatua zote isipokuwa ya kwanza. Meza dawa, kula, lala. Jikaze atapiga kelele. Mjibu kwa sentensi moja tu, kwamba umemsikia na leo hamfui.

Kumpata wa kukusaidia

Waliofunzwa rasmi tiba hii Afrika Mashariki ni wachache, na bei zao wengi hawaziwezi. Usimsubiri huyo. Mshauri nasaha au mwanasaikolojia wa hospitali ya rufaa mwenye uzoefu wa kiwewe anatosha, hata kama neno "sehemu" halitumii. Muulize mambo matatu: amewahi kuwahudumia watu waliopitia kiwewe na wana ugonjwa wa mwili? Hufanya nini mteja anapozidiwa katikati ya kikao? Yuko tayari kuwasiliana na daktari wako? Mkimbie anayekuambia uache dawa, anayetaka kukugusa bila kuomba ruhusa, au anayekwambia ulifanyiwa jambo utotoni ambalo wewe hulikumbuki. Kumbukumbu za kupandikizwa zimeshavunja familia za watu.

Mashariki ya Kongo, Hospitali ya Panzi huko Bukavu, iliyoanzishwa na Daktari Denis Mukwege mwaka 1999, imezoea kumhudumia mwathirika wa ukatili mwili na nafsi chini ya paa moja, na aliye karibu nayo aanzie huko. Kenya, namba 1195 ni ya ukatili wa kijinsia, na 1199 ya Msalaba Mwekundu hutoa msaada wa kisaikolojia. Kwa mtoto, Kenya na Tanzania, ni 116. Penye kliniki ya baridi yabisi au selimundu, uliza kama kuna kikundi cha wagonjwa. Wale wa Boston nao walifanya sehemu ya kazi yao wakiwa kwenye vikundi, na Jikaze hulegea upesi zaidi akimsikia Jikaze wa mwenzake.